Karai la chuma, kuku na mboga tayari dakika 15

Jamani hili karai nimekaa nalo miezi 3 na silitoi jikoni kwangu. Nikirudi kazini nimechoka nakata kidari cha kuku vipande vyembamba, karai likianza kutoa moshi kidogo natia mafuta, nakaanga kuku nusu nusu maana ukimjaza wote anatoa maji anachemka tu, akiiva namtoa, kisha karoti na hoho dakika 3 hivi ziwe bado ngumu ngumu, namrudisha kuku na sosi ya soya, basi! Kikaango cha zamani mboga zilikuwa zinalegea kabisa. Ila ni zito, na usipolikausha na kulipaka mafuta linashika kutu haraka sana, mimi nalirudisha motoni mpaka likauke.