Hoteli moja ya Paje, Juni 2025: bwawa lilikuwa kwenye picha tu

Mwezi Mei, kabla sijalipa hata senti, niliwauliza kwa ujumbe wa simu kama bwawa la kuogelea linafanya kazi. Jibu ninalo mpaka leo: "Ndiyo dada, mtalikuta tayari, karibuni sana." Tulipofika bwawa lilikuwa shimo la zege lisilo na marumaru hata moja, chini kuna maji ya mvua yaliyogeuka kijani na toroli limelala kifudifudi. Jina la hoteli siliweki kwa sababu tulimalizana nao kwa maandishi. Ninachotaka ni wenye kupeleka familia Unguja msimu huu wajue cha kuuliza na cha kudai.

Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto, na mama mkwe wangu aliyestaafu ualimu mwaka huu. Safari ilikuwa yake, tulimwahidi muda mrefu. Bei ya wakazi ilikuwa shilingi 180,000 kwa chumba kwa usiku pamoja na kifungua kinywa, nusu tukatanguliza. Boti kutoka Dar ilikwenda vizuri, gari kutoka Malindi, pale bandarini mjini Unguja, hadi Paje likatuchukua saa moja na ushee, na mapokezi tukapewa juisi ya ukwaju na taulo za baridi. Hapo hapo nikasikia grenda.

Mimi ni foromani wa majengo. Grenda ikikata marumaru kavu, bila maji, naijua hata nikiwa usingizini, na najua vumbi lake linavyoingia kifuani. Mama mkwe wangu ana pumu. Jioni ya kwanza alipokung'uta khanga yake kibarazani, lilitoka wingu jeupe, na glasi za chai mezani zilikuwa na utando juu kama zimepakwa unga. Juni ni msimu wa kusi, upepo unavuma kutoka kusini siku nzima, na wao saiti yao walikuwa wameiweka kusini mwa vyumba vya wageni. Kila kilichokatwa kule kilitufuata kitandani. Kati ya saiti na njia ya kwenda baharini palikuwa na neti ya kijani iliyochanika, na mwanangu wa mwisho aliokota ubao wa fomu, ule wa kushikilia zege likimwagwa, wenye misumari mitatu imesimama. Hakukuwa na kibao wala mtu wa kuzuia watoto.

Meneja, kaka mmoja mpole sana, alituambia kazi imebaki kidogo, "wiki ijayo, inshallah". Nilikwenda kuangalia mwenyewe. Ghorofa ya pili ya jengo jipya slabu, yaani sakafu yake ya zege, ilikuwa bado imebebwa na mirunda, juu yake magunia yaliyoloweshwa maji, maana yake zege lilikuwa halijamaliza hata kukomaa. Zege huhesabiwa siku 28 kufikia nguvu yake. Baada ya hapo kuna kuta, mabomba, nyaya, plasta, marumaru, rangi. Bwawa nalo, kabla ya kubandika marumaru, hujazwa maji kwanza na kuachwa ili kuonekana kama linavuja. Hakuna mtu wa ujenzi angeweza kusema wiki ijayo pale.

Fundi mkuu wa saiti alinipa ukweli ndani ya mazungumzo mafupi tu. Machi yote ilikuwa Ramadhani, vijana walifanya kazi nusu siku, na hilo ni haki yao. Aprili na Mei masika ikanyesha, plasta haikauki. Mchanga Unguja si kitu cha kuagiza leo ukaletwa kesho, uchimbaji wake unasimamiwa na serikali na malori yana foleni yake. Marumaru za bwawa zilikuja kwa meli kupitia Dar, zikapungua, zikaagizwa tena. Sababu zote hizo ni za kweli na mimi nazikubali, nimezipitia kwenye saiti zangu. Kisha akaniambia kwamba mwezi Mei alishawajulisha wenye hoteli: kabla ya Septemba msitegemee.

Mei ndiyo mwezi walioniandikia kwamba tutalikuta tayari.

Hapo ndipo nilipokasirika. Ujenzi kuchelewa si dhambi. Hoteli nyingi za pwani hutumia masika kukarabati kwa sababu wageni ni wachache, na mvua ikizidi, kazi inamwagikia Juni. Lakini mtu aliyeambiwa tarehe ya kweli akaendelea kupokea hela za watu kwa tarehe nyingine, huyo amenificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wangu. Ningejua, ningeisogeza safari au ningemtafutia Mama sehemu nyingine.

Na Paje bwawa si pambo. Wasioijua pwani ya mashariki waelewe hili: maji yakipwa yanakwenda mbali hasa, unabaki na mchanga, mwani wa kina mama ukiwa umefungwa kwenye vijiti vyake, na bahari ni mstari tu kule kwenye mwamba. Sisi tulifika siku za mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji yanapwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kurudi alasiri. Asubuhi nzima mtoto hana pa kuogelea isipokuwa bwawani. Nungwi au Kendwa, kule kaskazini mwa kisiwa, bwawa likiwa bovu utavumilia, bahari haikimbii hivyo. Paje, bila bwawa, umenunua nusu ya likizo.

Niliomba kikao na meneja nikiwa nimeandika madai yangu kwenye karatasi. Sikupaza sauti, kwa sababu yule kaka hakuwa mwenye maamuzi na wafanyakazi wake walikuwa wanatuhudumia kwa moyo. Nilimwonyesha ujumbe wa Mei. Nikataka tuhamishwe vyumba vya zamani upande wa bustani, kaskazini, mbali na vumbi. Nikataka grenda ianze saa tatu, si saa moja na nusu asubuhi, inyamaze saa saba, na ikate kwa maji. Nikataka njia ya baharini izibwe kwa mabati kamili na misumari iokotwe. Na nikataka bei ipunguzwe, iandikwe, isainiwe. Alianza kwa kunipa chakula cha jioni cha bure na masaji ya Mama. Nikamwambia, "Kaka, masaji tunashukuru, ila hiyo ni zawadi. Mimi nazungumzia nilichokilipia." Nikamwambia pia kwamba tusipoelewana nitakwenda Kamisheni ya Utalii Zanzibar na ujumbe wangu mkononi. Akaomba apige simu. Jioni alirudi na karatasi: vyumba vya bustani, punguzo la asilimia 30 kwa kila usiku, na saa za kazi kama nilivyotaka.

Walitimiza, isipokuwa kukata kwa maji, ambako vijana walikumbuka siku wakasahau siku. Mabati yaliwekwa siku hiyohiyo. Saa za grenda sisi tulikuwa tunaondoka, siku moja tulikwenda msitu wa Jozani kuwaona kima punju, na Mama alicheka pale kama binti.

Jiko lao sina la kusema zaidi ya kusifu. Pweza wa nazi alikuwa laini, nazi ya kukunwa palepale, na mpishi, mama mmoja wa Bwejuu, alimpikia mama mkwe wangu uji wa mtama kila asubuhi bila kuambiwa, baada tu ya kumsikia akikohoa. Vyumba vya bustani ni vya mtindo wa zamani, kuta nene za mawe na chokaa, vina ubaridi wake na usiku hutasikia kitu.

Ukitaka kwenda huko kati ya Juni na Septemba, usiulize "bwawa lipo?" maana kila mtu atajibu ndiyo. Piga simu saa nne asubuhi siku ya kazi na uombe mtu atembee na kamera kutoka mapokezi hadi ufukweni bila kukata. Utasikia mashine kama zipo. Uliza chumba chako kiko upande gani wa saiti na upepo wa kusi. Na majibu yao yawe ya maandishi, kwa sababu bila ule ujumbe wa Mei tungeondoka na masaji tu.

Kwa sasa nawapa nyota mbili kati ya tano. Punguzo lilirudishwa kwenye simu yangu kabla hatujapanda boti. Septemba nitawapigia wanionyeshe bwawa kwa video, na likiwa na maji nitaongeza nyota ya tatu.