Dooky Chase's, New Orleans: kula kwenye jiko la Bi Leah

Kwa anayefika Dooky Chase's, mgahawa wa New Orleans, Marekani, mara ya kwanza, aanze na gumbo ya kila siku, mchuzi mzito wa nyama na vyakula vya baharini, na aionje kabla ya kugusa chupa ya pilipili. Barack Obama alipopita hapo mwaka 2008 aliimiminia pilipili kabla hajaonja hata kijiko, na Bi Leah Chase, mpishi wa mgahawa, akiwa na miaka 85, akamkemea palepale. Alikuwa na haki. Mchuzi ule unatoka jikoni ukiwa umekamilika.

Huletwa pamoja na wali, na ndani yake mna kaa, kamba, vipapatio vya kuku, nyama ya ng'ombe, soseji za aina mbili na paja la nguruwe la moshi. Jina gumbo limetokana na neno la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, lakini gumbo ya Bi Leah haina bamia. Uzito wake unatokana na unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, kisha filé, yaani majani ya mti wa sasafrasi yaliyokaushwa na kusagwa, ujuzi wa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Filé hutiwa wakati sufuria imekwisha kuepuliwa. Ikichemka, mchuzi wote unavutika nyuzi kama mlenda uliozidi magadi, na hapo hakuna la kuurekebisha.

Mgahawa uko 2301 Orleans Avenue, mtaa wa Tremé, nje kidogo ya eneo la watalii. Waliouanzisha ni wakwe wa Bi Leah, Emily na Edgar Chase, na tangu 1941 umekuwa kwenye kona hiyohiyo. Mwanzoni uliuza mikate ya kujaza na tiketi za bahati nasibu. Siku ya mshahara watu weusi, ambao benki hazikuwajali, walileta hundi zao hapo zikalipwa fedha taslimu, wakala na kunywa, wakarudi nyumbani na hela mfukoni.

Leah Lange alizaliwa 6 Januari 1923, akakulia Madisonville, ng'ambo ya ziwa Pontchartrain, katika nyumba ya watoto wengi iliyolima mboga na kuchuma stroberi. Kwao hakukuwa na shule ya sekondari ya Kikatoliki kwa wasichana weusi, hivyo akapelekwa New Orleans. Baada ya shule alihudumia meza French Quarter, mtaa mkongwe wa mji huo, akajifunza namna chakula kinavyoandaliwa mahali ambapo watu wa rangi yake hawakuruhusiwa kukaa na kula. Mwaka 1946 akaolewa na Edgar mdogo, mpiga tarumbeta, akaingia jiko la ukweni akitaka vitambaa vya meza na vyakula vya kifahari. Kambakochi wa Kifaransa alipoingia kwenye menyu, wateja walimkataa. Akarudi kwenye mapishi ya nyumbani kwao, lakini vitambaa vyeupe akavibakiza. Uamuzi huo ndio uliojenga mgahawa: chakula unachokijua tangu utoto, kikiletwa kwa heshima ambayo mji ulikunyima.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria ilikataza weusi na weupe kula pamoja. Ghorofani mwa mgahawa walikutana wa rangi zote mbili, wakala na kupanga mapambano ya haki za weusi. Martin Luther King alipita, wakili wa haki za weusi Thurgood Marshall pia, na vijana waliosafiri kwa mabasi mwaka 1961 kupinga ubaguzi walilishwa hapo.

Sasa mlo wenyewe wa kuufungia safari: gumbo z'herbes, gumbo ya majani, inayopikwa Alhamisi Kuu tu, kesho yake Wakatoliki wasile nyama. Mapishi ya Bi Leah yana majani ya aina tisa, na idadi lazima iwe witiri. Fungu moja moja la sukuma wiki, majani ya haradali, ya tanipu, ya bitiruti, ya karoti, spinachi, na majani ya majini yenye ukali kidogo. Kisha nusu kabichi na nusu ya saladi. Osha mara tatu au zaidi, maana mchanga mdogo tu unaharibu sufuria nzima. Chemsha na vikombe 3 vya vitunguu na nusu kikombe cha vitunguu saumu katika maji kama lita 5 na nusu, dakika 30. Chuja, lakini usimwage maji yake, maana ladha imo humo. Majani yasage.

Nyama ni aina tano, kila moja karibu nusu kilo: soseji ya moshi, soseji kali, paja la moshi, na nyama mbili za ng'ombe. Soseji kali hukaangwa peke yake, itolewe, na kwenye mafuta yake vikaangwe vijiko vikubwa 5 vya unga. Moto uwe mdogo. Ukiona vitone vyeusi, mwaga uanze upya, kwani uchungu wa unga ulioungua haufichiki. Changanya vyote, acha vitokote polepole, chumvi iwe ya mwisho kwa sababu nyama za moshi zina chumvi tayari. Mchuzi mzuri una kijani kilichokolea, na uchungu wa haradali unausikia nyuma ya moshi.

Kimbunga Katrina kiliujaza mgahawa maji Agosti 2005. Bi Leah na mumewe waliishi kwenye trela ng'ambo ya barabara, wapishi wenzake mjini wakaandaa mlo wa mchango, na 2007 milango ikafunguliwa tena. Michoro ya wasanii weusi aliyokusanya, akiwemo Elizabeth Catlett, ilinusurika na ipo ukutani. Itembelee kabla hujakaa. Aliendelea kupika akiwa amevuka tisini, akafariki 1 Juni 2019 akiwa na miaka 96. Binti yake Stella na mjukuu Edgar wa nne wamebaki kwenye usukani.

Kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe: usiagize gumbo, na mboga za majani au maharage uliza kwanza, kwa kuwa mapishi ya huku huyaunga kwa nyama ya moshi. Kamba wa Clemenceau, wenye viazi, uyoga, njegere na vitunguu saumu, ni chaguo zuri zaidi. Muulize mhudumu mafuta ya kukaangia. Meza za Alhamisi Kuu hujaa mapema sana, kwa hiyo weka nafasi kabla hujakata tiketi ya ndege.