Kayumba au Inglishi midiamu: darasa la tatu lilivyo

Wazazi wa Mbeya, Januari hiyo inakuja, na kuchagua shule nako. Mwanangu yuko Kayumba, yaani shule ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, wa dada yangu yuko Inglishi midiamu, ya kulipia na ya Kiingereza, wote la tatu na wote wanalala kwangu.

Hesabu wanakwenda sawa: kuzidisha, kugawanya, sehemu.

Tofauti iko kwenye sayansi. Jioni moja viazi vikiwa jikoni, wa Kayumba alifunua sufuria akanionyesha matone chini ya mfuniko: "Mama, huu ni mvuke umepoa. Hata ukungu wa Uyole asubuhi ndiyo hivyohivyo." Hakushika daftari. Mwenzake anaandika maneno yote ya Kiingereza bila kosa, ila nikimuuliza maana, ananirudishia sentensi ya mwalimu kama ilivyo. Linaniuma.

Kwenye Kiingereza chenyewe, ukweli usemwe, wa Inglishi midiamu amemwacha mwenzake mbali, na sekondari masomo karibu yote ni kwa lugha hiyo. Ada ni mzigo, lakini msongamano wa Kayumba nao ni mzigo: daftari linakaa siku kadhaa bila kusahihishwa.

Mimi wangu atabaki Kayumba, na jioni tunasoma hadithi za Kiingereza pamoja, ukurasa mmoja mmoja.