Nimemtunza mwimbaji ili aniondokee: uzoefu wangu na Assassin's Creed II

Gemu lenyewe sina ugomvi nalo. Florence ile ya zamani, mji wa Italia chini ya ukoo tajiri wa akina Medici, unakimbia juu ya mapaa, unalipanda kuba la kanisa kuu alilolijenga Brunelleschi mpaka kileleni mji wote uko chini yako, raha tupu. Ugomvi wangu ni na mtu mmoja asiye hata na jina: yule mwimbaji wa mitaani mwenye kinanda cha nyuzi, ndugu wa udi wetu wa taarab.

Juzijuzi hapa, usiku, nyumbani wamelala wote isipokuwa mimi na binamu yangu. Ezio wangu, yule mhusika mkuu ninayemchezesha, anamfuata mtu kwa kunyata. Ukimsogelea sana anakushtukia, ukimpoteza unaanza upya. Mara jamaa huyu hapa! Kanisimamia kifua kwa kifua, ananiimbia usoni. Naenda kushoto, naye kushoto. Naenda kulia, yupo. Binamu anacheka mpaka anagaragara mkekani. Nikamtandika mwimbaji ngumi. Mayowe, watu wanatawanyika, na mtu wangu kashayeyukia vichochoroni. Tukaanza upya. Mara tatu, jamani!

Dawa yake ipo, na ndiyo iliyoniudhi kuliko yeye mwenyewe: umwage sarafu, yeye ahangaike nazo, wewe upite. Sasa kwetu mtu akiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, ujue wimbo umemkuna, au kuna mbaya wake pale ukumbini anataka ujumbe umfikie. Huyu unamtunza ili aondoke! Florini zangu, ambazo nilikuwa nazidunduliza nikanunue upanga.

Nilishaamua nampa nyota moja, tena kwa huruma. Halafu nikaja kucheza Revelations, gemu jingine la Ezio, lile la 2011. Ezio yuko Constantinople, Istanbul ya leo, mwaka 1511, mtu mzima wa hamsini na ushee. Kuna misheni inabidi uwapige waimbaji wa Kiitalia (sikuombwa mara mbili), uwavue mavazi, uyavae wewe na wenzako muingie nayo kasri la Topkapi kumlinda mwanamfalme Suleiman, ambaye hapo bado ni kijana tu, hajawa yule sultani tunayemsikia. Huko ndani Ezio anashika kinanda mwenyewe. Anaimba. Vibaya mno! Anajitungia papo hapo habari za maisha yake, vina vinagoma, na wageni wamejaa kumtazama huku vijana wake nyuma wanawamaliza maadui kimyakimya.

Nilicheka nikaweka pedi chini. Kumbe kero ile ile iliyonipotezea mtu wangu Florence, huku ndiyo silaha. Mwimbaji akikusimamia, huoni kingine chochote.

Basi, nyota tatu. Nne, kwa ajili ya sauti ya Ezio. Ila nimerudia la pili tangu mwanzo, jana nimefika Venice, na wa kwanza kunikatiza njia akiwa na kinanda chake kapata ngumi. Florini sitoi.