Glovu za leza za Kariakoo: zinapendeza, ila msielekeze kwa watu

Mimi ni DJ wa harusi na kitchen party hapa Dar. Glovu hizi nilizinunua Kariakoo baada ya wateja kuniuliza kila mara kwa nini sina "zile za kutoa miale vidoleni". Kila mkono una miale minne ya kijani, betri ya kuchaji na swichi ndogo kiganjani. Muuzaji akanihakikishia: "Kaka, hizi hata watoto wanachezea."

Kwa muonekano sina neno. Ukiwasha mashine ya moshi na kuzima taa, ukinyoosha mikono tu ukumbi unalipuka kwa vigelegele. Betri inavumilia shughuli nzima. Glovu yenyewe inabana na kutoa jasho, lakini nyuzi hazijaachia.

Kilichonitia wasiwasi ni maandishi. Boksi linasema nguvu yake haifiki miliwati 5, kikaratasi cha ndani kinasema 100. Sasa nimwamini nani? Kwa leza isiyozidi miliwati 1, mtu akimulikwa jicho hujifumba lenyewe ndani ya robo sekunde, na kwa kawaida hiyo inatosha kumkinga. Kwenye 100, hadi afumbe tayari lenzi ya jicho imeshaukusanya mwale wote kwenye kidoa kimoja cha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Retina ikiungua haiumi, na hakuna miwani ya kuirekebisha.

Tena leza nyingi za kijani za bei poa huutengeneza ukijani wao kutokana na infraredi, mionzi ambayo jicho halioni. Kiwanda kikibania kichujio cha kuizuia, infraredi nayo inatoka nje, na jicho haliwezi kufumba kwa kitu lisichokiona. Mwaka 2013 NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, ilitoa matokeo ya kupima vimulikaji 122 vya leza, vile vya mkononi: karibu asilimia 90 ya vile vya kijani havikukidhi kanuni za usalama.

Halafu kuna suala la mkono wenyewe. Leza za jukwaani hufungwa juu. Marekani hutaka mwale upite angalau mita 3 juu ya sakafu waliposimama watazamaji. Mimi mkono wangu uko usawa wa nyuso za watu. Na harusi zetu mnazijua: shangazi anakuja kutunza na noti yake, watoto wanacheza mbele ya meza, nikiinamia mixer vidole vyote vinawaangalia. Mwaka 2008, kwenye tamasha moja Urusi, mvua ilifanya leza zielekezwe chini ya mahema badala ya angani, na makumi ya watu wakapoteza sehemu ya uwezo wa kuona. Mashine zile zilikuwa kubwa kuliko hizi, lakini shida ilikuwa ileile ya uelekeo.

Kwa hiyo nazivaa wakati wa kufungua shughuli tu, watu wakiwa mbali, mikono juu, miale ikipiga dari. Ukumbi wenye vioo vingi au mpira wa vioo sizitoi kabisa. Mpiga video wangu naye hataki kuziona, maana leza inaua sensa ya kamera. Cha ajabu, wenye sherehe wakisikia habari ya kamera wanakubali haraka kuliko nikitaja macho.

Nyota mbili kati ya tano, zote za betri. Ukienda dukani, dai lebo yenye daraja la leza (yaani kiwango cha hatari yake) na miliwati, tena isigongane na kikaratasi cha ndani. Wakikujibu kama mimi nilivyojibiwa, nunua taa za LED za kuvaa. Kwenye moshi hazichori miale, lakini picha zinatoka vizuri.