Northern Exposure: Daktari wa Mjini Aliyefungwa na Mkataba

Tamthilia za televisheni zinazomchukua daktari wa mjini na kumtupa kijijini ni nyingi, na aghalabu ukishatazama moja umezitazama zote. Northern Exposure ya Marekani ndiyo pekee kati yake ambayo ningemshauri mkazi wa Mombasa atoe pesa kuinunua, ingawa ni ya zamani, na ingawa kuipata katika diski itakayokubali kucheza hapa kwetu kunahitaji uangalifu nitakaoueleza mbele. Ilirushwa na kituo cha CBS kuanzia Julai 1990 hadi Julai 1995, ikafikia misimu 6 na vipindi 110, na mwaka 1992 ikatwaa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora.

Mhusika mkuu ni Joel Fleischman, anayeigizwa na Rob Morrow, kijana Myahudi wa New York ambaye jimbo la Alaska limemlipia masomo ya udaktari kwa sharti kwamba atalitumikia kwa miaka 4. Alitarajia kufanya kazi Anchorage, mji wenye hospitali na starehe zake, lakini anapofika anaambiwa kwamba madaktari wa huko wametosha na anapelekwa Cicely, kijiji cha kubuni kilichozungukwa na misitu. Hakuja kwa wito, wala hakuja kuukimbia uchumba uliovunjika. Amekuja kwa sababu alitia saini. Jambo hilo moja ndilo linaloitofautisha hadithi hii na wenzake, na ndilo litakaloeleweka haraka kwa familia yoyote ya Pwani iliyosomesha daktari. Tangu huduma za afya zihamishiwe serikali za kaunti mwaka 2013, kijana aliyezoea wadi za hospitali ya Makadara mjini Mombasa, ambako bingwa akihitajika huitwa kutoka jengo la pili, huenda akajikuta ameajiriwa Lamu na kupangiwa Faza au Kiunga, ambako rufaa ya mgonjwa hutegemea boti na hali ya bahari, na msimu wa kusi bahari haina huruma na mtu.

Wanakijiji wa Cicely ni watu wa ajabu kweli. Yupo Maurice, mwanaanga mstaafu mwenye ndoto ya kukigeuza kijiji kuwa kivutio cha matajiri. Maggie, mwanamke rubani ambaye pia ni mwenye nyumba anamopanga Joel, na hawaachi kugombana. Na Chris, mfungwa wa zamani anayetangaza redioni huku akisoma falsafa hewani. Ninayempenda zaidi ni Marilyn, mwanamke wa asili ya pale aliyejiajiri mwenyewe kuwa karani wa zahanati, asiyesema ila neno moja moja. Elaine Miles, aliyeigiza nafasi hiyo, alikuwa amemsindikiza tu mama yake kwenye majaribio ya kuchagua waigizaji, akachaguliwa yeye. Katika maigizo mengi ya namna hii wanakijiji huwekwa ili tuwacheke. Hapa tunamcheka daktari, kwa maneno yake mengi na kwa imani yake kwamba shahada ni hoja.

Vipindi vya mapema vinavyohusu tiba vimeandikwa kwa akili. Katika kimojawapo, mzee Anku, ambaye mwenyewe ni mganga, anakojoa damu na hataki kumwona daktari. Msomaji wa Kwale au Tana River bila shaka atafikiria kichocho kwanza, lakini Joel anahofia saratani ya tezi dume, na hofu yake ina msingi. Waandishi hawamfanyi mganga kuwa mjinga, wala hawamfanyi kuwa na siri inayoishinda hospitali. Wanaonyesha kwamba kizuizi si ujinga bali heshima, kwa kuwa mtu aliyetibu wengine maisha yake yote haoni wepesi kulala kitandani mbele ya kijana, na Joel hapati ridhaa yake mpaka aache kuhubiri na akubali kukaa naye kama mgeni wake. Katika kipindi kingine homa ya mafua inakiangusha kijiji chote, daktari hana la kufanya zaidi ya kuwaambia watu wapumzike, na Marilyn analeta dawa ya kupaka yenye harufu ya kutisha ambayo inawafaa wagonjwa. Joel anakereka kwa kushindwa kueleza sababu, na tamthilia inamwacha na kero yake.

Lakini kipindi ambacho kingetosha peke yake kuwa sababu ya kuinunua seti hii kimo katika msimu wa 4. Joel anapata habari kwamba ami yake amefariki, na dini yake inamtaka asome dua ya marehemu pamoja na Wayahudi wazima 10, ambao katika eneo lile hawapatikani. Kijiji kizima kinaanza kuwatafuta kwa bidii, huku Joel akizidi kuona kwamba kuomboleza na watu asiowajua, kwa sababu tu idadi imetimia, hakumfariji. Mwishowe anaisoma dua mbele ya majirani zake wa Cicely, kila mmoja akiomba kwa namna yake. Mtu aliyekulia mtaa ambao khitma hujaza watu hadi barazani, na ambao jirani wa dini nyingine huja na sufuria ya kupikia bila kuulizwa, atakielewa kipindi hiki kuliko watazamaji wengi waliokusudiwa. Tena asubuhi yake Joel bado anataka kurudi New York.

Kasoro zipo. Makabila ya wenyeji wa Alaska yamechanganywa bila ya kutajwa vizuri, na kijiji chenyewe kilipigwa picha Roslyn, katika jimbo la Washington, mbali na Alaska. Uhusiano wa Holling, mwenye mkahawa aliyepita miaka 60, na Shelly aliye na miaka 18 unachukuliwa kama mzaha mtamu, na mimi sikuucheka.

Sasa diski. Diski hufungwa kwa kanda, yaani sehemu ya dunia zinakoruhusiwa kucheza; DVD za Marekani ni za kanda ya 1, ilhali Kenya iko kanda ya 5, kwa hiyo hazitacheza isipokuwa deki yako iwe ya kanda zote. Zaidi ya hayo, katika misimu ya baadaye nyimbo nyingi za awali ziliondolewa kwa sababu ya gharama za haki na kuwekwa muziki mwingine, jambo linaloumiza tamthilia ambayo redio ni mhusika wake. Blu-ray (diski za picha kali kuliko DVD, zinazohitaji deki yake) za Uingereza ni za kanda B, ambayo Afrika imo, na ndizo za kuagiza, hata baada ya kuongeza ushuru wa forodha. Tafsiri ya Kiswahili haimo, hivyo bibi nyumbani atahitaji mtu wa kumsimulia.

Ukipata misimu ikiuzwa mmoja mmoja, anza na wa 1 na wa 2, ambayo ni mifupi, kisha uchukue wa 3 na wa 4. Katikati ya msimu wa 6 Rob Morrow anaondoka na nafasi yake inachukuliwa na daktari mwingine kutoka Los Angeles, aliyekuja na mkewe kwa hiari yake, na hadithi inakosa nguvu papo hapo kwa kuwa hakuna tena anayetaka kuondoka. Huo uache dukani.