Prosesa ya laptopu au ya mezani kwenye mazabodi (bodi kuu) ya kompyuta ya mezani?

Chukua mbili za kizazi cha nne cha Intel. Core i5-4300M ya laptopu, wati 37, ina pini 946 zilizochomoza chini yake. Core i5-4590 ya mezani, wati 84, chini ni bapa, kwani pini zimo ndani ya soketi ya LGA1150, yaani kikalio cha prosesa kwenye mazabodi. Ukiilazimisha 4300M humo, pini za soketi zitapinda, na mazabodi ndiyo imekwenda hiyo! Laptopu za vizazi vilivyofuata ni tabu zaidi: prosesa kwa kawaida imechomelewa kwa lehemu, haichomoki.

Chagua 4590. Kama mazabodi ni ya aina ya H81, huenda ukahitaji kusasisha BIOS (programu ya msingi ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) kwanza. Unayetafuta umeme kidogo, ipo 4590T: soketi ileile, wati 35.